Watoto wetu wanachora majaribio, hawayafanyi

Bwana Mhariri,

Salamu kwako na kwa wasomaji wote. Mimi nafundisha fiziki na hesabu mu sekondari hapa Goma na kuko kitu kinaniuma sana, watoto wetu wanamaliza kalasi ya sita wanaenda kupita Egzetat, ule mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, wakati hawajawahi kuona laboratwari kwa macho. Jaribio tunalichora kwenye tablo na chaki, mtoto anakopi mu kaye, anashika fomula kwa kichwa, kesho yake ukimwuliza kwa nini iko vile anakuangalia tu.

Mwaka jana nilifunga jiwe la lava kwenye kamba ya mita moja, nikalitundika juu ya mlango wa kalasi. Nikauliza kwanza, nikiweka jiwe lenye uzito mara mbili litaenda na kurudi haraka zaidi ao hapana? Karibu wote wakasema ndiyo, haraka zaidi. Tukahesabu na telefone, kwenda na kurudi mara kumi, sekunde 20. Jiwe kubwa, tena sekunde 20! Wakabisha, wakasema mwalimu umehesabu vibaya, wakahesabu wenyewe. Hapo sikutoa hata franka moja. Lakini binti mmoja akauliza, mwalimu, na kule kwenye mwezi je?

Hapo kamba yangu haikuwa na jibu. Nikafungua laptopu, nikawaonyesha simulasio, yaani jaribio la ndani ya kompyuta, tukaacha kamba ileile ya mita moja ila mvutano tukaweka ule wa mwezi. Mara kumi ikachukua karibu sekunde 49. Kijana mmoja nyuma akapiga kelele "inachoka!" na tangu siku hiyo kalasi yote inajua ile herufi g mu fomula, yaani mvutano, inafanya kazi gani, sikuwadai tena waishike kwa kichwa.

Zile simulasio zinaitwa PhET. Zilianzishwa mwaka 2002 kwenye chuo kikuu cha Colorado kule Marekani na Carl Wieman, mwanafizikia aliyepata Nobel mwaka 2001, na ni za bure kabisa, kuko za fiziki, shimi, biolojia na hesabu, nyingi mu Kifaransa na zingine zimeshatafsiriwa mu Kiswahili. Kitu wengi hawajui ni kwamba unazipakua mara moja, unaziweka kwenye flashi, zinafanya kazi bila intaneti. Njo maana sikubali mtu akiniambia ati Goma koneksio ni mbaya. Umeme ndiyo shida ya kweli, hiyo nakubali, lakini laptopu moja iliyojaa chaji usiku inatosha kalasi mbili asubuhi. Shule moja ninayoijua, sitaitaja, ilipewa kompyuta na mpaka leo zimefunikwa na kitambaa mu biro ya prefe, mkubwa wa shule, juu ati watoto wataziharibu. Zinazeeka pale bila kufundisha hata mtoto mmoja, na wazazi wanalipa kila mwezi.

Na sisi watu wa hapa tuna sababu ambayo wengine hawana. Tunaishi kati ya volkano ya Nyiragongo na ziwa Kivu. Kisha lava ya tarehe 17 Januari 2002 kupita katikati ya mji, kuko watafiti walioingiza sura ya milima yetu mu kompyuta wakaishusha lava mara nyingi nyingi, ili waone kartie zipi ziko mu hatari. Hiyo ni simulasio, na mtoto wa kartie Majengo aliyekimbia na mama yake lava iliposhuka tena mwezi wa tano 2021 ana haki ya kujua inafanyaje kazi. Mazuku pia, kila mtu hapa anajua inaua mbuzi na watu kwenye mashimo, lakini ni wangapi wanajua kwamba ni gesi karboniki, nzito kuliko hewa, ndiyo sababu inalala chini? Kwenye skrini mtoto anaona molekuli nzito na nyepesi zikigongana, anaongeza joto, anaongeza presha, kisha anaanza kuelewa vipi maji ya chini ya Kivu yanabeba gesi yote ile bila kulipuka.

Sisemi kompyuta ifundishe peke yake. Mwalimu akiacha watoto wabonyeze tu, itakuwa mchezo, na simulasio inajua tu zile kanuni mtu aliziandika ndani yake. Mimi nadai kila mmoja aandike kwanza anafikiri kitatokea nini, ndipo abonyeze, na kama jaribio linawezekana kwa jiwe na kamba tunaanza na jiwe na kamba.

Naomba maprefe wafungue zile biro, saa moja tu kwa wiki. Flashi yangu walimu watatu wa shule za jirani wameshaikopi, na iko tayari kwa wengine.

Mwalimu wa fiziki,
Katindo, Goma