RISALA YA KIKUNDI CHETU KWA MGENI RASMI: WAZEE WAULIZWE KABLA RAMANI HAIJACHORWA

Mheshimiwa mgeni rasmi, viongozi wetu wa kata na mtaa, wazee wetu mliokaa hapo mbele shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Sisi ni kikundi cha hapahapa Magomeni, nusu vijana nusu wazee, tulianza kwa kuzikana na kukopeshana tu, ila toka habari za kuujenga upya mtaa zianze kusikika ndo tumejikuta kila jumapili tunaongelea ramani.

Mheshimiwa, hatupingi ghorofa. Magomeni Kota tunaiona kila siku, yale maghorofa yaliyojengwa upya kwa kaya 644, Rais Samia aliyazindua Machi 2022 na majirani zetu wa zamani wamerudi wanaishi vizuri, tunashukuru sana. Ila tunakumbuka pia ile miaka waliyokaa nje wakisubiri nyumba zijengwe, na mzee wa miaka 75 ukimwambia asubiri miaka kadhaa unakuwa umemwambia neno zito sana.

Walipokuja wataalamu mtaani kwetu kikao kiliitwa kwa meseji ya grupu la WhatsApp, saa nane mchana, jua lile, ramani imebandikwa ukutani maandishi madogo tena ya Kiingereza, wazee waliofika walikuwa wanne. Bibi mmoja akasogea mpaka pua inakaribia karatasi, akaweka kidole kwenye sehemu iliyopakwa kijani akauliza hapa si ndo kwenye mfereji? Akajibiwa hapo bibi itakuwa bustani ya watoto. Akasema mwanangu, hapo maji ya mto Msimbazi yanaingia, yale mafuriko ya Desemba 2011 mimi nilitolewa hapo godoro liko kichwani. Yule kijana aliandika kitu kwenye daftari lake, mpaka leo hatujui kama kilifika popote.

Yaani mheshimiwa ile ni elimu ya miaka hamsini ya kukaa sehemu moja, na ilipewa dakika mbili.

Halafu kuna hili la vyumba. Nyumba zetu hizi za Kiswahili, ukumbi katikati vyumba sita na uani, mtu akizitazama kwa nje anaona bati lenye kutu, lakini mzee ndani mle anakaa chumba kimoja, vingine amepangisha na kodi ile ndo dawa ya presha na ndo unga. Wenzetu Zanzibar tangu 2016 wazee wa miaka 70 na kuendelea wanapata pensheni ya serikali, huku kwetu bara mzee ambaye hakuajiriwa pensheni yake ni hao wapangaji wake. Sasa ukimpa fleti moja nzuri yenye marumaru ghorofa ya nne umempa pa kulala, na hela ya kula umeichukua. Hili halionekani kwenye ramani, mpaka umuulize mwenyewe.

Na wazee wametutuma tuseme na hili jingine, samahani kama linagusa. Wanauliza mtu akifariki huko juu jeneza linapitaje kwenye kona ya ngazi siku umeme umekatika na lifti haifanyi kazi, maiti itaoshewa wapi, watu watakaa matanga wapi, sufuria la pilau litainjikwa wapi kama uani hakuna. Kwao haya ndo maswali ya kwanza kabisa kabla ya rangi ya jengo.

Mwezi uliopita tulitembea na wazee tisa kutoka msikitini mpaka stendi, mwendo ambao sisi vijana ni dakika kumi, wao ilikuwa nusu saa na zaidi, walipumzika mara tatu, mbili kwenye baraza za watu na moja chini ya mwarobaini. Baraza zile na mti ule vyote kwenye ramani mpya havipo.

Kwahiyo mheshimiwa maombi yetu, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inawatambua, basi Baraza la Wazee la kata lipewe ramani ikiwa bado ni penseli, kwa Kiswahili na maandishi makubwa, vikao viwe asubuhi na wasioweza kutoka wafuatwe nyumbani, mtaalamu atembee nao mtaani walau siku moja, na wakishasema warudishiwe majibu kipi kimechukuliwa kipi kimeachwa na kwanini. Yule bibi wa mfereji yupo hapa leo, kiti cha pili kutoka mlangoni, na yuko tayari kukupeleka ukaone alama ya maji ukutani kwake kabla hujaondoka.

Tunaomba kuwasilisha.