Sokwe ana mlinzi, mwanangu je?

Mhariri,

Mimi ni dereva wa watalii, mkazi wa Uthiru. Kila ninapopeleka wageni Bwindi, Uganda, kuwaona sokwe wa milimani, askari wa msitu hutupanga asubuhi na kuuliza: nani anakohoa? Nani anahara? Ukikubali, unabaki nyuma, dola zako 800 za kibali zisikusaidie. Mkiwafikia sokwe ni saa moja tu, tena kwa umbali wa mita 10. Ukibanwa na haja kubwa huko ndani, unachimbiwa shimo la futi moja, kisha linafukiwa. Wageni hucheka sana hapo.

Mimi niliacha kucheka niliposikia ya 1996. Upele uliingia kwa sokwe wa Bwindi, mtoto mmoja akanyonyoka manyoya, akafa. Daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka na wenzake wakawadunga wengine dawa, wakapona. Ilidhaniwa waliutoa kwenye nguo kuukuu za sanamu za kutishia ndege mashambani. Na kuna kijidudu cha tumbo, kriptosporidiamu, ambacho huko huko kimepatikana kwa sokwe, kwa ng'ombe na kwa watu.

Sasa nije nyumbani. Mwezi jana ndama wangu wa wiki mbili alianza kuhara, kinyesi cha manjano, chepesi kama uji. Mwanangu wa miaka mitatu ndiye humshikia chupa ya maziwa, na mkono ukitoka kwa ndama unaingia kinywani. Siku ya nne naye akaanza. Kliniki walitupa zinki na pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini, wakatuambia tutie klorini kwenye maji. Tulikuwa tunatia tangu zamani! Ni jirani wa agroveti aliyenieleza kwamba kriptosporidiamu ina ganda gumu, klorini ya nyumbani haiiwezi. Hufa maji yakichemka.

Sisemi ndiyo iliyomshika mwanangu, maana choo chake hakikupimwa. Lakini huu si ugeni kwetu. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo iko hapa hapa mtaani, na watafiti walishamchunguza kijidudu huyu kwa ng'ombe wa Dagoretti. Habari hizo zilipita wapi zisifike kliniki?

Sokwe hao ni zaidi kidogo ya 1,000 duniani, walindwe, sina neno, ndio wanaonilisha. Ninachoomba kaunti ni afisa wa mifugo na muuguzi wa mtaa wapeane simu, ndama wakihara huku, kule wajue.

Pale kliniki niliulizwa umri wa mtoto, chanjo, maji tunayokunywa, hata choo tunachotumia. Kama kuna ndama nyumbani hakuna aliyeuliza, nami nilikuwa nimesimama mbele yao na gambuti za zizini.

Dereva wa Watalii,
Uthiru, Nairobi