Nati ya Juu Kushoto

Birmingham, Jumapili usiku

Baba,

Shikamoo. Mama naye mpe shikamoo yake kabla hujaendelea kusoma, maana ukishaingia kwenye habari za gari utamsahau. Huku sisi wazima, baridi tu ndiyo haijatuzoea.

Dogo kaniambia klachi ya Landrover inateleza, mlima wa Isamilo haupandi ikiwa na mzigo, na mmepanga kuivuta hadi gereji ikashushwe injini. Naomba isivutwe kwanza. Ningekueleza kwa simu, lakini kwenye simu huwa unanikatiza. Barua dogo ataibandika ukutani, mtaisoma mikono ikiwa na grisi.

Unaikumbuka ile beji ya bati kwenye grili, niliyokuwa nikiisoma kwa kuunganisha herufi? Solihull, Warwickshire. Nilidhani ni jina la mwenye gari wa kwanza. Baba, Solihull ni pua na mdomo na ninapokaa, naenda kwa basi. Na mtaa wa pili kutoka kwangu yupo mzee mstaafu mwenye Landrover 109 kama yetu, toleo la IIA, injini ya petroli ya lita mbili na robo. Siku ya kwanza aliponikuta nimesimama getini kwake naikodolea macho, alidhani nimekuja kuiba. Sasa ni rafiki yangu. Wikiendi mbili zilizopita tumeishusha injini yake na kuirudisha, watu wawili, kwenye banda nyuma ya nyumba yake. Mzee ana miaka sabini na mitano na kidole kimoja hakikunji.

Sasa sikiliza. Kabla ya spana ya kwanza, dogo alale chini ya gari. Pale injini inapokutana na giaboksi, chini kabisa ya hauzingi ya flaiwili, lile ganda la chuma linaloifunika, pana kitundu. Kina kizibo chake cha kukaza. Kizibo hicho ni cha kuzuia maji gari likivuka mto. Ukishavuka unakitoa, ili oili kidogo inayovuja ipate pa kutokea. Nakumbuka ulikifunga enzi zile ulipokuwa ukirudi kinyumenyume hadi majini pale Mwaloni kupakia dagaa. Sikumbuki kukuona ukikifungua. Kama bado kipo, klachi inaogelea kwenye oili miaka yote hii, ndiyo maana inateleza.

Kingeni sufuria (si la Mama) mkifungue. Ikitoka oili nyeusi, nyepesi, hiyo ni ya injini: sili ya nyuma ya krenki, ile ya kuzuia oili, imechoka. Ikitoka nzito yenye ile harufu ya kiberiti, ni ya giaboksi, na sili ya kubadilisha ni ya upande wa pili. Kote kuwili injini na giaboksi lazima viachane, lakini angalau mtajua mnachotafuta.

Kufungua hakuna maneno mengi. Betri kwanza, halafu maji na oili, boneti, rejeta pamoja na paneli yake ya mbele, egzosi, mpira wa petroli, nyaya. Kila waya uvikwe kipande cha plasta na uandikwe. Za plagi mpangilio ni 1-3-4-2, usimwamini anayesema atakumbuka. Kazi inayokula siku ni sakafu. Nati za juu za hauzingi huzifikii mpaka utoe bati za sakafuni na lile bati la juu ya giaboksi, na skrubu zake zina kutu ya tangu Nyerere. Sisi Jumamosi nzima ilikwisha kwenye skrubu. Zimwagieni dizeli usiku wa kuamkia kazi.

Na nati zenyewe ni za inchi. Spana namba 14 haiingii, 15 inacheza na kula kona. Tafuteni ya inchi 9/16.

Suala la kuning'iniza. Ile injini ni kilo mia mbili hivi, magunia mawili ya mchele yaliyofungwa pamoja. Mwembe msiutumie tena. Tawi la mwembe halilii kabla ya kukatika, na safari ile nililiona likipinda. Azimeni mabomba matatu ya chuma, mfunge vichwa, cheni bloki ining'inie katikati. Giaboksi iwekewe jeki chini, injini inyanyuliwe kidogo tu, kisha ivutwe mbele moja kwa moja mpaka shafti ya giaboksi itoke yote kwenye klachi. Hapo ndipo mnapandisha. Mkipandisha mapema, uzito wote unalalia shafti na pleti ya klachi inapinda. Na wewe Baba ukae pembeni kwenye kiti, usiingie chini yake hata kama kimeanguka kitu cha dhahabu.

Kurudisha ndiko kulikotutoa jasho. Ilibaki nafasi ya kuingiza kidole kimoja kati ya injini na giaboksi, ikagoma kabisa. Mimi nikataka kukaza nati ziivute. Mzee akanipiga kofi la mkono! Ukiilazimisha kwa nati unapasua hauzingi au unaharibu pleti mpya. Tukanywa chai. Tuliporudi akaweka gia, mimi nikazungusha krenki polepole kwa mbele, yeye akapandisha jeki ya giaboksi nusu inchi, basi, ikaingia yenyewe kwa mlio mdogo kama wa mfuniko wa chupa ya chai. Ila pleti ya klachi iwe imekaa katikati tangu mwanzo. Sisi tulichonga mti, tukauzungushia utepe wa umeme mpaka ukatosha kwenye tundu.

Halafu aibu yangu. Tulipopiga stata, haikuzunguka, ikaanza kutoka moshi kwenye waya wa choki. Nilikuwa nimesahau kufunga ule mkanda wa ethi, wa kurudishia umeme, kati ya injini na chesisi, umeme wote wa stata ukatafuta njia kupitia choki. Mwambie dogo mkanda ule aufunge wa kwanza. Mkitaka kuiwasha injini, toeni plagi kwanza mzungushe stata mpaka taa ya oili izimike, ndipo mrudishe plagi.

Lakini Baba, sijakuandikia kwa ajili ya hayo tu.

Siku ile tunakaza nati za hauzingi huku, mzee akawa anazihesabu kwa sauti, na mimi nikaishiwa nguvu za mikono. Nikakumbuka injini yetu iliposhushwa nikiwa darasa la tano. Ulinikabidhi kopo la Blue Band lenye nati, ukasema nisitoke nalo. Nilipanda nalo juu ya lile jiwe kubwa nyuma ya jiko kuangalia meli. Nati moja ikanidondoka ikaingia kwenye ufa. Niliisikia inagonga, inagonga, kisha kimya. Nikashuka, nikarudisha kopo.

Jioni fundi alihesabu ikapungua moja. Ulimwita mzembe mbele ya watu, ukamkata hela yake, akaondoka na boksi lake la spana bila kunywa hata maji. Mpaka leo oili ikidondoka unamtaja yule fundi wa Mabatini. Nati moja haivujishi oili, Baba. Na hakuipoteza yeye.

Naomba kazi hii umwite yeye, kama bado yupo. Dogo anasema humwona siku za soko. Zile alizokatwa nitamtumia mimi kwa simu, na za juu yake. Jina langu mtajie mapema, kabla hajashika spana.

Mtu wa Nyegezi anayerudi mwezi huu nimempa mfuko. Sili mbili, ya injini na ya giaboksi, zimo kwenye bahasha ya kahawia. Viatu ni vya Mama. Nati nimeiviringisha kwenye karatasi ndani ya kiatu cha kushoto. Ni ya juu kushoto, kushoto kwako ukiwa umekaa kwenye usukani. Mtaliona tundu lake.

Mwanao