Kilo 10 kwa wiki mbili: hesabu inakataa

Ndugu Mhariri,

Matangazo ya chai, poda na milo inayoahidi kuondoa kilo 10 kwa wiki mbili hayaishi. Tunaomba nafasi kidogo tupige hesabu hiyo hadharani, kisha tueleze kinachopunguza mwili nao ukabaki umepungua.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini imebeba takriban kalori 7,700, kwa maana ya kalori zile zinazoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Kilo 10 basi ni kalori 77,000. Zigawe kwa siku 14, unapata 5,500 kila siku. Mtu mzima wa kawaida hutumia kama 2,000 hadi 2,500 kwa siku, kuanzia kupumua hadi kupanda ngazi. Hata angefunga wiki mbili asitie kitu mdomoni, mafuta ya kilo 10 yasingetoka. Mizani ikishuka kwa kasi hiyo, sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikana na gramu kama tatu za maji. Mtu akikata wanga ghafla, akiba huisha ndani ya siku chache na maji yake huishia chooni. Akirudi kula kama zamani, nayo yanarudi.

Zile chai za "kusafisha tumbo" mara nyingi huwa na sanamaki, yaani dawa ya kuharisha. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati kalori karibu zote zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba. Mnywaji anapoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikipungua sana mapigo ya moyo huvurugika.

Kosa la msingi la milo ya namna hii ni kwamba ina tarehe ya mwisho. Siku ya 15 mtu anarudia kikombe kilekile na sahani ileile vilivyomnenepesha. Kwa hiyo kabla ya kuanza badiliko lolote, jiulize kama utakuwa bado unalifanya baada ya miaka mitano. Kama jibu ni hapana, usihangaike nalo.

Sisi huwa tunashauri kuanza na kikombe, kwa sababu ndipo penye faida kubwa kwa maumivu madogo. Kijiko cha chai cha sukari, kikisawazishwa, ni gramu 4 na kalori 16. Kikilundikwa hukaribia mara mbili ya hapo, na watu wengi hulundika. Vikombe vinne vya vijiko vitatu ni gramu 48 na kalori zipatazo 190. Soda ya kawaida ya mililita 500 ina gramu 50 na ushee. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, ambayo ni gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo. Juisi nayo imo katika hesabu hiyo, hata uliyokamua mwenyewe bila kutia kitu. Glasi moja humeza machungwa matatu au manne ambayo usingeyala kwa mkupuo. Isitoshe, sukari ya kunywa haishibishi kama chakula cha kutafuna. Unakunywa kalori 200, kisha unakula mlo wako kamili kana kwamba hukunywa kitu.

Usikate sukari yote kwa siku moja. Punguza nusu kijiko kwa kila kikombe, kaa hapo wiki mbili, kisha punguza tena. Kutoka vijiko vitatu hadi kimoja ni wiki nane, na ulimi unazoea polepole kiasi kwamba kikombe cha zamani kitakukinaisha. Wanaokwama hapa ni wale wanaohamia kwenye asali au sukari ya kahawia wakidhani wamepona. Kwa uzito, hiyo ni sukari tu. Bia ya mililita 500 nayo ni kalori kama 200, na ini likiwa linashughulikia pombe, uchomaji wa mafuta hungoja zamu.

Baada ya kikombe, nenda kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120, yawe mafuta ya alizeti, ya nazi au ya zeituni yanayosifiwa. Yanatofautiana kwa afya ya moyo, lakini kwa unene ni yaleyale. Shida ni kumimina moja kwa moja kutoka kwenye chupa, maana hakuna jicho linalopima. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Lita moja ina zaidi ya kalori 8,000. Familia ya watu wanne inayoimaliza kwa wiki, kila mmoja anakula karibu kalori 300 za mafuta kwa siku. Ikifika wiki mbili, kila mmoja ameokoa kama 150 bila kupunguza tonge. Pima kwa kijiko, na kitunguu kikianza kushika sufuria ongeza maji kidogo badala ya mafuta. Viazi vya kuchemsha vina kalori zisizofika 90 kwa gramu 100. Vikikaangwa kwa kuzamishwa kwenye mafuta hufika kama 300.

Kwenye sahani hatusemi uache wanga. Nusu ya sahani iwe mboga, robo wanga, robo protini kama maharage, samaki, mayai au nyama isiyo na mafuta mengi. Pakua mara moja, kisha acha sufuria jikoni. Ishara za shibe huchukua kama dakika 20 kufika, na sufuria ikiwa mezani hungojei. Protini usiipunguze, kwani anayepungua uzito hupoteza na misuli pia. Gramu 1.2 kwa kila kilo ya uzito ni lengo zuri kwa mwenye figo nzima. Yai moja lina 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Mazoezi ya kunyanyua vitu vizito mara mbili kwa wiki husaidia kuilinda misuli hiyo.

Ukipunguza kalori 300 hadi 500 kwa siku, tarajia robo hadi nusu kilo kwa wiki. Jipime asubuhi baada ya kutoka chooni, kabla ya kula, na uangalie wastani wa wiki nzima, kwa kuwa chumvi na hedhi peke yake zinaweza kupandisha kilo moja au mbili za maji. Baada ya miezi kadhaa mizani itagoma. Mwili mwepesi hutumia kidogo, tena hubana matumizi. Lakini mara nyingi kijiko nacho kimeanza kulundikwa upya bila mwenyewe kujua, kwa hiyo rudia kupima vyote kwa wiki moja kabla ya kukata zaidi.

Wala huhitaji kufikia umbo la ujanani ndipo uone faida. Mwaka 2002 Marekani ilitoa matokeo ya utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa ukingoni mwa kisukari. Waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Kwa mwenye kilo 85, asilimia hiyo 7 ni kilo 6.

Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi aongee na daktari kabla ya kupunguza chakula. Dozi yake ilipangwa kwa mlo wa zamani, na sukari inaweza kushuka hadi akaanguka. Mwenye dawa za shinikizo la damu akianza kuona kizunguzungu anaposimama, naye arudi kliniki dozi ikaangaliwe upya. Wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiingie kwenye mpango wa kupunguza uzito bila usimamizi.

Wataalamu wa lishe