Embe likianguka linaokoteka

Tanga, Novemba

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa mzee na kwa watoto. Ujumbe wako nimeupata. Mwembe dodo wa nyuma ya nyumba umepukutishwa na upepo wa vuli, viroba vinne vimelala chini, tawi la upande wa jikoni limepasuka, na mchuuzi aliyeahidi kuununua mti mzima kwa jumla sasa hapokei simu. Pole sana. Huyo mchuuzi mwache. Alikuwa anapiga hesabu ya maembe mabivu ya Desemba, na hayo hayapo tena. Yaliyopo ni mabichi, na mabichi yana soko lake ambalo yeye hata halijui.

Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo tulivyofundishwa. Ila embe likianguka linaokoteka, shoga, na una kama siku moja ya kuliokota. Embe lililogonga ardhi limeumia ndani hata kama ganda halina alama. Leo ukilibonyeza ni gumu. Kesho pale lilipogonga pamelainika, kesho kutwa pameingia weusi, na lile jeusi linaambukiza mawili yaliyo pembeni yake ndani ya kiroba. Kwa hiyo kama una la kulia, lia huku unaokota. Anayekaa siku tatu akiutazama mti na kusema "laiti" hana tena maembe, ana mbolea.

Anza na utomvu. Kikonyo kikikatika karibu na tunda, maji meupe yanaruka, na yale yanachoma ngozi kama moto wa baridi. Ukiyafuta usoni kwa mkono, kesho mdomo umevimba. Vaa mikono mirefu, watoto wasiyang'ate kwa meno kabla hayajaoshwa, na ukiguswa osha kwa sabuni hapo hapo. Yale yanayotoka utomvu bado, yalaze juu ya majani makavu kikonyo kikitazama chini kwa saa moja au mbili, udondoke bila kutambaa kwenye ganda. Kisha osha yote.

Sasa jaza diaba maji na uyatumbukize machache machache. Linaloelea ni changa, linalozama limekomaa. Ukitaka kuhakikisha, tazama mabega: la dodo lililokomaa mabega yamejaa na kupanda juu ya kitako cha kikonyo, changa mabega yameteremka. Na ukipasua moja changa kabisa, kisu kinapita katikati ya kokwa kama kinakata kiazi.

Yaliyozama na hayana jeraha yavumbike. Tandika nyasi kavu ndani ya tenga au boksi, panga safu mbili tu, tia ndizi mbivu mbili tatu katikati ili ile hewa yake iyaharakishe, funika kwa gunia. Kila asubuhi yapitie, la doa toa. Siku nne mpaka sita mengi yatakuwa tayari. Hayatakuwa matamu kama ya kuivia mtini, sikudanganyi, lakini kwa juisi yanafaa kabisa. Atakayekuja kukushauri utie kabaidi, yale mawe ya mafundi wa kuchomelea, mkatalie. Ya viwandani huwa na mabaki ya aseniki na fosforasi, na embe linageuka rangi nje huku ndani ni chachu vile vile.

Yaliyopasuka ni ya leo leo. Menya, kata sehemu iliyogusa mchanga uitupe, zilizobaki zikwaruze upige chatne: embe, pilipili mbichi, nazi kidogo, chumvi. Au zichemshe na kuziponda, uwauzie wanaopika urojo. Uchachu wa urojo unatokana na embe bichi, ndimu au ukwaju, na mpishi anayejua kazi yake akiona embe bichi safi lililokwisha menywa hatakuuliza limeangukaje.

Yaliyobaki, yale mabichi yanayoelea, ndiyo mali yenyewe. Hayo ni achari. Ukikuta yaliyozama lakini yamegonga, bado magumu na ndani meupe, yachanganye humo humo baada ya kukata jeraha. Yakishaanza umanjano yaache, yatarojeka.

Nitakuandikia kwa kilo moja ya vipande, wewe zidisha. Pima baada ya kukata na kutoa kokwa, usipime embe zima, maana kokwa na mapande ya kutupa yatakudanganya.

Menya au usimenye, ni upendavyo. Ganda linasaidia kipande kisilainike. Tumia kisu kisichoshika kutu. Kisu cha chuma cheusi kinageuza embe rangi ya majivu, na mnunuzi anadhani limeoza. Kata vipande vya unene wa kidole kidogo. Kisha vikaushe maji kwa kitambaa, hata kama unaona kazi ni ndogo. Tia chumvi gramu 120 na manjano gramu 10, kiasi cha kijiko kimoja kikubwa. Chumvi ipime kwa mizani, ya duka la mangi inatosha. Ukipima kwa vijiko, chumvi ya mawe na chumvi laini hazilingani uzito, na hapo ndipo achari za watu wengi zinapoharibika bila wao kujua sababu. Changanya ndani ya chombo cha plastiki, udongo au kioo. Sufuria za alumini usiziguse, uchachu na chumvi vinazila.

Funika kwa kitambaa, uache siku mbili, ukigeuza asubuhi na jioni. Embe litatoa maji mengi. Usiyamwage! Chuja, maji yaweke kwenye bakuli juani, na vipande vitandaze juu ya ungo au jamvi safi, na chandarua juu. Siku moja ya jua kali inatosha, mbili kama mawingu ni mengi, na kwa vuli hii mawingu utayapata. Jioni viingize ndani kabla ya umande. Viko tayari vikishikika kama ngozi laini, juu pakavu, ndani bado vinapinda. Vikikauka hadi kuvunjika umepitiliza, hivyo vipeleke kwenye fungu la kusaga nitakalokueleza.

Viungo: haradali iliyotwangwa gramu 40, pilipili ya unga gramu 40 (kwa watu wa mjini, huko kwenu ongeza), uwatu gramu 10 uliokaangwa bila mafuta kisha ukatwangwa. Uwatu utazame, somo. Ukitoka rangi ya dhahabu kwenda kahawia nyeusi, achari yote inakuwa chungu na hakuna dawa yake. Tangawizi gramu 40, kitunguu saumu gramu 60. Kitunguu saumu kilowekwe kwenye siki usiku kucha kabla ya kukichanganya, wala usirahisishe hapa. Kikizama kwenye mafuta kikiwa kibichi bila uchachu, kinaweza kuotesha vijidudu vyenye sumu visivyo na harufu wala rangi. Ndani ya siki na embe chachu vinashindwa.

Mafuta mililita 300, ya alizeti au ufuta. Yapashe moto mpaka yaanze kutetema juu, epua, subiri yapoe hadi kidole kivumilie. Yakiwa ya moto sana yanaunguza pilipili na kuifanya nyeusi. Mimina juu ya viungo, rudisha vipande na yale maji ya chumvi uliyoyaweka juani, changanya kwa mwiko mkavu.

Chupa ziwe za mdomo mpana, zimechemshwa dakika 10 na kukaushwa kabisa. Kwa achari, chupa yenye unyevu ni mbaya kuliko chupa ambayo hukuichemsha. Shindilia ili hewa itoke, mafuta yafunike vipande kwa unene wa kidole. Kifuniko cha bati weka kipande cha nailoni chini yake, la sivyo chumvi itakipa kutu ndani ya wiki tatu. Wiki ya kwanza zisogeze juani saa mbili tatu kila siku na ukoroge kwa kijiko kikavu. Embe litanywa mafuta, ukiona vipande vimechungulia ongeza. Usiuze kabla ya wiki tatu. Kabla ya hapo chumvi inakula peke yake na embe linakula peke yake.

Ukiona ukungu juu, mtu ametia kijiko chenye maji. Ikitoa povu na harufu ya pombe, chumvi ilipungua. Hiyo mwaga, usijaribu kuiokoa kwa siki. Vipande vikirojeka, embe lilikuwa limeshaanza kuiva.

Sasa lile fungu la kusaga. Yale membamba na yaliyokauka kupita kiasi usiyaonee huruma. Menya machanga, kata vipande vyembamba kama sarafu mbili zilizobebana, bila chumvi, anika siku tatu au nne mpaka vivunjike. Kilo moja itakupa kama gramu 150, usishtuke, embe bichi ni maji tu. Saga uwe unga. Kijiko kimoja kwenye mchuzi wa samaki au kwenye maharage kinafanya kazi ya ndimu, na wakati wa mwaka ndimu zinapoadimika unga huo unajiuza wenyewe. Uweke kwenye chupa iliyokauka, maana ukivuta unyevu unaganda kama jiwe. Na usiyasage yote. Vipande vichache vichemshe na sukari, pilipili na rangi nyekundu hadi viwe vinanata, anika tena, na hapo una ile achari ya watoto inayokaribiana na mabuyu, wanayoinunua wakitoka shule.

Sasa njoo kwenye mti wenyewe, ambao nadhani umeukasirikia bure. Mwembe haukusudii kuzaa kila ua. Shada moja lina maua mamia, mara nyingine zaidi ya elfu, na yanayofika kuwa tunda ni machache sana. Mengine yanapukutika hata upepo usipovuma. Mti wako sasa una matunda machache ya kulisha kwa chakula kile kile, kwa hiyo yaliyobaki juu yatanenepa. Yahesabu wiki ya pili ya Desemba uone.

Yaliyotobolewa na yenye funza usiyaache chini hata siku mbili. Nzi wa matunda, yule wa kutoka Asia ambaye huku Afrika alionekana kwanza Kenya mwaka 2003, anataga chini ya ganda, funza wanatoka ndani ya tunda lililoanguka na kuingia mchangani, na wanarudi wakiwa nzi kuja kutoboa yale ya juu. Chimba shimo futi mbili, yafukie. Au yafunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki uuache juani wiki nzima. Kwa miaka mingine najua huwa unayaacha yaliyooza chini yaozee hapo hapo. Mwaka huu kwa vile umelazimika kufagia shamba zima, mti utapumua.

Na lile tawi. Usimwache kijana alikate kwa panga kutoka juu, litachana ganda mpaka kwenye shina. Msumeno kwanza chini ya tawi, theluthi ya unene wake, hatua moja mbali na shina. Kisha juu, mbele kidogo ya pale, mpaka lianguke. Halafu kisiki kilichobaki kikate karibu na shina bila kugusa ile kola, yaani uvimbe wa pale tawi linapotokea kwenye shina. Usipake udongo wala kinyesi cha ng'ombe, jeraha liache likauke. Mwanga utakaoingia hapo katikati utapunguza yale madoa meusi ya ganda unayoyalalamikia kila masika. Mbao zake haziwezi kuwa ngalawa, tawi ni dogo, lakini kibao cha kukatia achari kinatoka.

Ukifika chupa hamsini nenda SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, ukaulize mafunzo ya usindikaji na lebo. Wapo kwa ajili ya watu kama wewe tangu 1973. Ukitaka kuuza madukani, usajili wa chakula siku hizi ni TBS, Shirika la Viwango. Kwa majirani na mama lishe anza bila haraka.

Nakupelekea chupa kumi na mbili za mdomo mpana na mizani ndogo, dereva wa Hiace ya saa nne atazishusha kituoni. Mizani naitaka irudi. Leo jioni utakuwa umeshamaliza diaba la pili, kwa hiyo kabla hujalala nitumie hesabu ya vipande, kilo ngapi na chumvi ngapi, nikuangalizie.

Wako,
Somo wako wa Tanga