Risala ya Wahimilishaji na Wafugaji wa Ng'ombe wa Maziwa kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufunga Mafunzo

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa kata na kijiji,
Ndugu wafugaji,

Karibuni sana. Tumeona tuzungumzie jambo moja tu: ng'ombe anayehimilishwa, yaani kupandishwa mbegu kwa mrija, mara tatu, nne, na bado anarudia joto, yaani kutaka dume tena. Lawama huangukia mbegu, au mhimilishaji. Mara nyingi kisa kilianza siku aliyozaa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, baada ya kuzaa shingo ya kizazi hubaki wazi, na karibu kila ng'ombe huingiwa na bakteria katika wiki mbili za kwanza. Wengi hujisafisha wenyewe. Anayeshindwa kwa kawaida ni yule aliyezaa kwa shida, aliyezaa pacha, au ambaye kondo la nyuma halikutoka ndani ya saa 24. Hutangulia Escherichia coli, bakteria wa kinyesi, anayejeruhi utando wa mji wa mimba na kumfungulia njia Trueperella pyogenes, ambaye ndiye mwenye usaha. Sumu ya yule wa kwanza huathiri hadi ovari, yai likachelewa kukomaa. Ndiyo maana banda lenye matope siku ya kuzaa hugharimu kuliko mrija wa mbegu.

Kondo likikwama, lisivutwe kwa mkono wala kufungiwa jiwe. Kulivuta huchana utando na kuacha vipande vinavyooza ndani. Kinachoning'inia kikatwe, na ng'ombe apimwe homa kila siku. Ikipita nyuzi 39.5, na uchafu ukawa mwepesi, wa kahawia na wenye kunuka, aitwe daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Vidonge vya dukani vinavyosukumwa ndani bila kumwona daktari tunavipinga waziwazi.

Wiki ya nne baada ya kuzaa, mhimilishaji aoshe uke kwa nje, aufute ukauke, avae glavu safi, aingize mkono taratibu na kutoa ute uliotuama. Ute unaong'aa kama ute wa yai ni salama. Ukiwa na chembechembe nyeupe, asubiri na kurudia kupima. Ukiwa nusu usaha au zaidi, ng'ombe hahimilishwi mpaka atibiwe. Daktari anaweza kumchoma sindano ya homoni ya prostaglandini, ambayo humrudisha kwenye joto na kusukuma usaha nje. Lakini lazima ahakikishe kwanza kwamba ng'ombe hana mimba, maana sindano hiyo huitoa. Mama mjamzito na mwenye pumu wasiishike kabisa.

Kuna pia bakteria wanaotoka kwa dume. Campylobacter fetus hujificha kwenye ngozi ya uume bila dume kuonyesha dalili yoyote, na majike wengi anaowapanda hubaki na maambukizi. Ishara yake ni kurudia joto nje ya mzunguko wa kawaida wa siku 21, pengine baada ya siku 30 au 40, kwa sababu kiinitete, yaani mimba changa, hufa mapema. Dume la kuazimana kijijini ndiyo njia yake kuu.

Bakteria mwingine, Brucella abortus, hutupisha mimba kuanzia mwezi wa tano, na huambukiza binadamu. Mimba iliyotupwa isishikwe mikono mitupu, wala mbwa wasipewe. Ifukiwe shimo refu, na maziwa yachemshwe. Chanjo yake iitwayo S19 hupewa mitamba wa miezi 3 hadi 8 tu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi mawili. La kwanza ni friji ya chanjo ya nyuzi 2 hadi 8, kwa kuwa S19 ni bakteria hai na ikipata joto haifai tena. La pili ni utaratibu wa kusafirisha sampuli za damu hadi maabara, ili ng'ombe aliyetupa mimba apimwe kabla ya kuuzwa mnadani kwa mfugaji mwingine.

Tunaomba kuwasilisha.