Ukinunua kisu cha kukunja, tazama kiungo kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Msimu wa korosho unakaribia, na fedha zikianza kuingia, visu vya kukunja navyo hununuliwa kwa wingi, kuanzia Mtwara mjini hadi Newala na Tandahimba. Vingi vinang'aa, vingine vina mpini mwekundu na msalaba mweupe, na mnunuzi hujaribu makali kwa kidole gumba, akaridhika, akalipa. Hapo ndipo fedha zinapopotea. Makali yakiisha yananolewa na mpini ukipasuka unabadilishwa, lakini kiungo, yaani pale bapa linapokutana na mpini, kikishachakaa kisu hicho kimekwisha. Na huwa hakisemi kimekwisha mpaka kikukunjie vidole.

Kukipima hakuchukui dakika mbili. Kifungue, shika mpini kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili shika mgongo wa bapa karibu na ncha, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza hata kidogo kikiwa bado kipya, kirudishe mezani. Kisha kifunge ukitazame kwa juu: bapa likae katikati ya nafasi yake. Likiegemea upande mmoja, ujue pini imekaa vibaya, na kila ukikifunga makali yatasugua bati la ndani. Tazama na pini yenyewe. Ya skrubu ni bora kuliko ya ribiti, kwa kuwa skrubu hukazwa na hufunguliwa kusafishwa. Ribiti ikilegea dawa yake ni nyundo, na mara nyingi ikigongwa inabana mpaka kisu hakifunguki.

Halafu kufuli, yaani kile kinachozuia bapa lililofunguliwa lisijikunje. Visu vyenye springi ya mgongo peke yake, kama Victorinox vya Uswisi vilivyo vingi, havina kufuli. Vinatosha kabisa kwa embe, kamba na kumenya, mradi usidunge navyo kitu. Kama kazi yako ni kupenyeza ncha kwenye mshono wa gunia, chukua chenye kufuli. Lililoenea ni la bati: bati la ndani linaruka kando na kuziba nyuma ya bapa. Hakikisha bati limeingia chini ya bapa lote kwa unene wake. Likishika kwa ukingo tu litateleza. Mchanga wa pwani na nyuzi za mfukoni ndivyo vinavyolizuia lisiingie vizuri, kwa hiyo pita hapo na mswaki mkavu mara kwa mara. Opinel ya Ufaransa ina pete ya kuzungusha, na pete hiyo ni imara, ila mpini wake ni wa mti. Masika mti hunywa unyevu, ukavimba, na bapa likang'ang'ania ndani.

Kuhusu ule msalaba mweupe, unaoigwa kutoka visu vya Uswisi: si uthibitisho wa chochote. Soma maandishi kwenye shina la bapa, jirani na pini. Kama hapana jina, au jina limekosewa herufi, lipa bei ya kisu kisicho na jina.

Upande wa chuma, watu hudhani stenlesi haishiki kutu. Inashika. Kinachoilinda ni utando mwembamba sana unaotokana na kromiamu iliyomo ndani yake, na chumvi ya bahari hutoboa utando huo. Kutu inaanza kwa vishimo vidogo, na inaanzia kwenye kiungo, kwa sababu ndipo maji yanapojificha. Mtu wa Msimbati au Mikindani akikata nyavu kwa kisu hicho, akisuuze siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na chumvi, akifungue na kukifunga majini mara kadhaa, akikaushe kikiwa wazi, kisha atie tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Mafuta ya alizeti yasitumike hapo. Yanaganda kama gundi na kukusanya mchanga. Oili chafu ya gari nayo isiguse kisu kinachokata chakula. Kwenye bapa, pakaza mafuta ya nazi kidogo tu.

Kwa wakulima, maji ya mabibo yana asidi na ukakasi unaokwangua ulimi, na chuma kisicho stenlesi huwa cheusi kikiachwa nayo usiku kucha. Kifute kabla hujaondoka shambani. Na tafadhali, msipasulie korosho mbichi kwa kisu cha mfukoni. Mafuta ya ganda lake yanababua ngozi, na yakiingia kwenye kiungo, utakayekuja kummenyea chungwa utamwachia mdomo wenye malengelenge.

Kunoa: pakiwa na jiwe, usiende kwenye mashine. Jiwe la mashine linalozunguka kwa kasi huunguza makali membamba. Ukiona rangi ya bluu ukingoni, chuma hapo kimelegea na hakitakaa na makali tena mpaka sehemu hiyo iondolewe. Juu ya jiwe la mkono, kama bapa lina upana wa sentimita 2, inua mgongo wake kama milimita 7. Sukuma upande mmoja mpaka usikie kwa kidole, ukipapasa kutoka mgongoni kwenda ukingoni, kijinyuzi cha chuma kimejikunja upande wa pili kuanzia shina hadi ncha. Ndipo ugeuze. Anayegeuza mapema ndiye anayelalamika kuwa kisu hakinoleki.

Urefu wa bapa wa sentimita 6 hadi 8 unatosha kazi za kila siku. Dafu ni kazi ya panga, na samaki wapewe kisu kisichokunjwa, chenye ala, maana magamba na damu vikiingia kiungoni havitoki. Kufungulia kopo la rangi ndiko kunakovunja ncha na kupinda pini.

Sasa kubeba. Kisu cha jikoni kilichoviringishwa gazeti na kufutikwa kiunoni ni hatari kwa anayekibeba: kibindo hulegea mtu akichuchumaa, na ncha inaelekea pajani, palipo na mshipa mkubwa wa damu. Mvaa msuli akitie cha kukunja kwenye kikoba. Mvaa suruali akiweke mfuko wa mbele, ule upande bapa linakofungukia ukielekea mshono, ili hata likilegea lizuiwe na kitambaa. Mfuko wa nyuma haufai kwa abiria wa bodaboda. Kwenye mkoba wa mama kisikae pamoja na sarafu; zinaingia kwenye nafasi na kulinyanyua bapa.

Ukienda Nangwanda Sijaona kutazama mpira, kiache nyumbani. Ukisafiri kwa ndege kutoka Mtwara, kitie kwenye begi linalokwenda tumboni mwa ndege kabla hujafika kwenye ukaguzi, kwa kuwa kikikutwa mkononi hutapanda nacho.

Mnoa visu,
Mikindani, Mtwara